Uji wa Papa Germain

Nitegulie hiki, wewe uliyekaa karibu na mlango: nyumba yangu haina mwizi, ukuta mzima, paa zima, lakini kila siku mlinzi wake anampiga mwenye nyumba. Ni nini?

Umesema polisi wa barabarani. Nilijua tu. Kaa kimya, fikiri, na usimwulize jirani yako, maana naye hajui.

Jibu lilikuwa limelala kwenye sofa ya Germain, kule Panda, kambi ya wafanyakazi wa shaba, viungo vinauma, uso umefunikwa kitambaa. Jina lake Glodie, binti wa pekee wa Germain na Berthe, fundi cherehani, mchumba wa Jean-Luc anayeendesha lori za Kambove. Uso wake ulikuwa umeota wekundu. Ulitandaa kwenye mashavu yote mawili na kupanda juu ya pua, kama mtu aliyejipaka rangi akaitwa kabla hajafika kwenye paji.

Wanawake wa bombani waliuona uso huo wakatoa hukumu palepale: anajichubua. Mama mmoja, ambaye uso wake mwenyewe ulikuwa na rangi tatu na shingo rangi ya nne, alimvuta Glodie pembeni.

"Mwana, hii crème unapakaa ni ya wapi? Yangu haifanyake mbio vile."

"Sipakae kitu, mama."

"Usinifiche. Minye siko polisi."

Glodie alirudi nyumbani na ndoo tupu. Siku hiyo Berthe alimfunga binti yake kitambaa, akamfunga mumewe koti, akawapeleka wote wawili hospitalini.

Daktari Arlette alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu amalize masomo. Alichukua damu, akangoja majibu kutoka Lubumbashi, kisha akawaita ofisini. Ugonjwa unaitwa lupus, akasema. Hauambukizi. Si uchawi, si crème.

"Mwili ya mutu iko na ma-cellules, zile seli, mingi, kidogo-kidogo, hauwezi kuziona na macho," alisema. "Kila moja iko na ngozi yake. Ile ngozi haiko ngumu, ni mafuta. Inateleza, inatembea. Mu ile mafuta kuko mafuta ingine, nzito kidogo, inashikamana, inaelea kama radeau, ile chelezo ya mbao, ku mayi. Balinzi ya mwili, antenne zabo zinakalaka pa ile ma-radeau. Adui akiingia, ma-radeau zinakutana, antenne zinakusanyika, njo alarme inalia. Adui akiisha, zinaachana."

"Na kwangu?" Glodie aliuliza.

"Kwako zinakutana mbio, na kuachana haziachane muzuri. Alarme inalia, adui haiko. Basi balinzi banapiga benye nyumba. Ngozi, viungo, kesho figo. Juu ya nini iko vile, ata siye bado tunatafuta."

Umeona sasa jibu la kitendawili? Haya. Lakini usiondoke, maana hapo ndipo Germain aliposogeza kiti mbele.

Berthe alifumba macho. Aliolewa na povu, alijua linapoanza kupanda.

Germain, mjue, alizeeka kwenye kiwanda cha kuchagua shaba. Kule jiwe linasagwa mpaka linakuwa tope, tope linatiwa maji, linatiwa matone ya dawa yenye mafuta, linapulizwa hewa; wenyewe wanaita flottation. Povu linapanda. Na povu linapopanda linabeba shaba mgongoni, mchanga unabaki chini. Kazi ya Germain ilikuwa kusimama juu ya povu na kufungua robinet, ile koki ya dawa. Ukizidisha matone, povu linafurika mpaka kwenye viatu vya mzungu. Ukipunguza mno, shaba inazama na tope, na wewe unazama nayo. Alistaafu, kofia yake ya kazi akaitundika sebuleni juu ya kabati, mahali ambapo watu wengine huweka Bikira Maria. Bikira Maria alisogezwa pembeni kidogo.

"Docteur," alisema, "hii kazi minye ninaijua. Mafuta inaelea, inakusanya bintu, inabeba. Ikizidi, unaishusha na dawa. Ni flottation."

Daktari alitabasamu. Tangu asubuhi alikuwa akiwaeleza watu, na huyu alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kwa kuelewa.

"Eh, papa. Karibu vile."

Alisema ‘karibu’. Germain alisikia ‘vile’, akaenda nayo.

Kisha daktari alitoa masharti. Glodie ajikinge na jua. Anywe kidonge cheupe kila siku, kwa miaka, hata kama uso umekuwa laini kama wa mtoto. Kila mwaka apimwe macho, kwa sababu kidonge hicho kikikaa sana mwilini kinaweza kuyagusa. Na mkojo ukianza kutoa povu, aje siku hiyohiyo.

"Povu, docteur?" Germain aliuliza, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chao likitajwa redioni.

"Povu, papa."

*

Kidonge kilikuwa kichungu, ndugu wa karibu wa ile klorokini ya zamani. Glodie alikimeza, kikarudi. Alikimeza na chai, kikarudi na chai. Germain akasimama, akatangaza kwamba suala hilo ni la ufundi.

Tangu siku hiyo aliamka kabla ya Berthe. Alipika uji wa mahindi na soya, akakisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga ndani pamoja na sukari. Berthe alipotaka kumsaidia, alifukuzwa jikoni mwake mwenyewe.

"Dosage ni kazi ya mutu moja," Germain alisema.

"Na minye nilikulishaka maisha yote?"

"Weye unapikaka. Hii haiko kupika."

Glodie alikunja uso, akanywa. Uji ulikuwa mchungu mpaka masikio yanacheza. Lakini ulikaa tumboni. Polepole vidole vyake vilikunjuka, akarudi kwenye cherehani, akashona sare za shule barazani, upande wa kivuli. Wekundu ulififia. Mama wa rangi tatu alipita, akamtazama, akaenda zake kwa huzuni, maana sasa hakuna crème ya kuulizia.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa tantine Émérence, dada mdogo wa Germain, shemasi katika kanisa la maombi karibu na soko. Alikuwa amemwekea Glodie mikono kichwani, akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakahama. Sasa alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Jumapili ya kwanza Glodie alikuwa mgonjwa. Jumapili iliyofuata alikuwa mahututi. Baada ya hapo alikuwa amekufa kidogo. Watu walipiga makofi, na Glodie, aliyekuwa amekwenda kwa heshima tu, alijificha nyuma ya kitenge chake.

Jean-Luc alikuja na wazee wa kwao. Wakala bukari, ule ugali wa kwetu, na samaki, wakapanga harusi baada ya mvua. Mama yake Jean-Luc, mwanamke mwenye macho ya mnunuzi, alimtazama Glodie kuanzia kisigino mpaka kilemba.

"Alipona kabisa?"

"Kabisa," akajibu Germain kabla ya mtu mwingine. "Povu ilishuka."

Mama yule hakuelewa, lakini aliona kwamba mzee anajiamini, akachukua samaki mwingine.

Na hapa ndipo nataka usogee. Kiwandani, povu likishatulia, hakuna mwenye akili anayeacha robinet wazi. Unaifunga kidogo kidogo, unatazama, unafunga tena. Germain alimtazama binti yake akitia uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa. Akakumbuka neno la daktari kuhusu macho. Fundi cherehani asiyeona ni nini? Akaanza kusaga nusu ya kidonge. Alitazama uso wa Glodie, ukatulia. Akasaga robo. Ukatulia. Mwishowe akasaga kijiko kitupu kwenye bakuli, hivyo tu, ili Berthe asikie mlio wa kawaida. Vidonge alivitia kwenye kopo la maziwa nyuma ya kofia yake.

Hakumwambia mtu. Alikuwa anangoja siku ya kupima macho. Angemwambia daktari, tazama mutoto wangu, muzima, na dawa nilisha kufunga zamani. Daktari angempa mkono. Labda angewaita na wenzake.

Asubuhi moja Glodie alilamba kijiko cha uji akashangaa.

"Papa, bouillie imekuwa tamu siku hizi. Uliongeza sukari?"

Germain alicheka, akaokota bakuli.

"Enda kazi, mama. Machine inakungojea."

*

Mvua zilipoanza, nywele zilibaki kwenye kitana. Kisha pete ya uchumba ikakataa kutoka kidoleni. Miguu ikavimba mpaka viatu vikawa vya mtu mwingine. Glodie alisema ni uchovu wa sare. Berthe alisema ni chumvi. Émérence alisema ni shetani amerudi kuchukua mzigo aliousahau.

Asubuhi moja Germain, alipoona Glodie hawezi kwenda chooni, alichukua mwenyewe ndoo ya chumbani kwenda kuimwaga. Mlangoni penye mwanga akasimama.

Povu. Povu jeupe, la mapovu madogo-madogo, limekaa juu wala halipasuki. Kiwandani kwa povu kama lile wangempa bonasi. Alilipuliza, likayumba, likarudi mahali pake. Maisha yake yote alikuwa akilitazama povu likibeba kitu cha thamani na kuacha tope. Alijua kabisa kwamba na hili limebeba kitu, na alijua linakitoa wapi.

Aliitua ndoo chini. Alimwita Berthe kwa sauti ambayo Berthe hakuwahi kuisikia, na Berthe akaja bila kuuliza.

Hospitalini daktari Arlette alipima mkojo, akabonyeza miguu, shimo la kidole likabaki. Chumbani walikuwa Glodie kitandani, Berthe kichwani pake, Émérence na chupa ya maji ya maombi, na Germain karibu na dirisha, akilichunguza dirisha.

"Figo zimeshikwa," daktari alisema. "Sasa munipe jibu moja tu. Dawa alikuwa anakunywa kila siku, ao kuko siku aliachaka?"

"Nilikunywa," alisema Glodie. "Kila asubuyi. Mu bouillie ya papa."

"Kila asubuyi," Berthe aliunga mkono. "Ninasikiaka kijiko, tak tak tak."

Daktari aliandika, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema basi kidonge kimeshindwa. Kama mtu anakunywa kila siku na bado walinzi wanavunja figo, lazima waende kwenye dawa kali ya mshipani, kule Lubumbashi. Gari litaondoka kesho.

"Inaponyesha?" aliuliza Berthe.

"Inasaidia. Lakini nitakuambia kweli, Glodie, sipende kukudanganya. Ile dawa inaweza kufunga njia ya batoto."

Glodie alitazama pete iliyozama kwenye kidole chake. Tayari alikuwa na majina mawili, la mvulana na la msichana. Jean-Luc alikuwa amekataa moja, wakagombana, wakapatana.

"Kama aliachaka dawa," daktari aliendelea, "hapo ni ingine. Tutarudia kidonge, na cortisone, atabaki hapa karibu yangu, tutaangalia kwanza. Juu ya ile ninauliza. Sitakasirika na mutu."

Macho yote yakageuka, kama yamevutwa na kamba moja, yakatua kwa Émérence.

"Minye?" Émérence alikumbatia chupa yake. "Juu ya nini munaniangalia minye?"

"Weye njo ulisema ku kanisa alipona," alisema Berthe. "Mutu akishapona anakunywa dawa ya nini? Ulimuambia nini mutoto wangu?"

"Sikumuambia kitu."

"Ulimuekea mikono."

"Mikono, Berthe. Mikono haiko kidonge."

"Ulisema alikufa na akafufuka."

Émérence alikaa kwenye kiti kwa kishindo. Kilemba kilikuwa kimemwendea upande.

"Haya. Alikufa kidogo, ile nilizidisha," alisema. "Bantu walikuwa wanapiga makofi, nikaona nisibaharibie. Lakini dawa sikugusa. Minye mwenyewe niko ninakunywa ya tension, ile presha, kila siku, na pasta anajua. Yaya Germain, kaka yangu, sema. Weye unanijua."

Germain alikohoa. Alisema dirisha hili lina baridi.

"Yaya?"

"Muache docteur afanye kazi yake," alisema Germain, na hakumtazama dada yake.

Émérence akaokota chupa yake, akatoka. Kwenye korido alipita mbele ya wagonjwa akijifuta macho kwa ncha ya kilemba, yeye aliyezoea kupita akiimba.

*

Kesho yake, uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa mbabula za mkaa na sufuria, maana mgonjwa hulishwa na watu wake. Germain alikuwa amechuchumaa akipika uji. Hakulala; usiku alikwenda nyumbani akarudi. Mfuko wa koti lake ulikuwa mzito upande mmoja.

Usimtukane bado. Nimewaona wanaume wakiua jambo zima kwa sababu ya kutotaka kusema neno moja, na wengi wao walikuwa watu wazuri wanaosalimia vizuri. Germain alikuwa amelipanga neno hilo tangu jana. Kila alipolifikisha kwenye ulimi aliiona kofia yake juu ya kabati, akawaona vijana wa kambi wanaomuuliza habari za povu, akajiona akipita bombani na wanawake wananyamaza. Neno likarudi chini kama shaba mbaya.

Mama yake Jean-Luc alifika na chungwa moja. Alimkumbatia Berthe, akalia kiasi cha kutosha, kisha akamvuta karibu na mbabula ya Germain, akidhani mzee anayekoroga hasikii.

"Nilisikia habari ya ile dawa ya Lubumbashi," alisema. "Pole sana, mama. Pole. Njo nilitaka kukuuliza, Glodie haiko na mudogo wake mwanamuke?"

"Haiko," alisema Berthe.

"Ata wa baba mudogo?"

Berthe alilichukua chungwa, akalitia mfukoni, akabaki amesimama pale, mikono inaning'inia. Huyu ndiye Berthe aliyewahi kumfukuza mchungaji mmoja sokoni kwa mwiko. Leo miiko ilikuwa imejaa uwanjani, na hakugusa hata mmoja.

Germain aliacha kukoroga. Nilikwambia mlinzi anampiga mwenye nyumba. Hesabu tena basi walinzi wa nyumba ile.

Alitia mkono mfukoni. Alipohakikisha Berthe amegeuka, aliweka kidonge kizima kwenye kijiko, akakisaga taratibu mpaka kikawa unga, akakoroga ndani ya uji. Akatia sukari, vijiko vilevile. Akafunika bakuli kwa kitambaa.

Chumbani daktari Arlette alikuwa amesimama na karatasi ya kumhamisha mgonjwa, kalamu haina wino, anaitikisa. Dereva alikuwa mlangoni anauliza kama mgonjwa anatembea au anabebwa. Émérence alikuwa amerudi, amekaa pembeni kabisa, bila chupa. Berthe aliingia nyuma ya mumewe.

"Ngojeeni kwanza," alisema Germain. "Akule."

Alikaa kitandani, akamlisha binti yake kama mtoto. Glodie alipokea kijiko cha kwanza. Akakunja uso mpaka macho yakapotea. Akameza. Akakaa akimtazama baba yake, na uji umebaki kidogo kwenye mdomo wa chini.

"Chungu," alisema.

"Eh."

"Chungu ya kwanza. Ile ya zamani."

Daktari aliacha kuitikisa kalamu. Berthe alisogea hatua moja. Germain alikuwa ameshika kijiko cha pili hewani, na uji ulikuwa unadondoka kwenye shuka tone kwa tone, na yeye, fundi wa matone, hakuona.

"Papa," Glodie alisema polepole. "Kuko siku nilikuuliza, haukunijibu. Ile wakati bouillie ilikuwa tamu. Ulikuwa unaongeza sukari?"

Germain alirudisha kijiko ndani ya bakuli. Alimtazama dada yake kule pembeni, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akalitoa kopo la maziwa kwenye koti, akaliweka juu ya shuka, na vidonge vyote vile vikalia ndani.

"Hapana, mama," alisema. "Sukari ilikuwa ileile."